Mtunza Kiwanja Aliyeisikia Ndege

Jumanne moja ya Aprili, saa tisa alasiri, Alfayo Ajwang alikuwa nyuma ya nyumba yake akimkatia ng'ombe majani ya nepia aliposikia ndege. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu asubuhi, ukungu ule wa Mogogosiek ambao hata kuku hushinda chini ya ghala siku nzima, na mtu akienda kwenye chai yake humwoni tena mpaka arudi.

Ndege hakuiona. Aliisikia tu, ikija kutoka upande wa Sotik, chini kuliko kawaida. Injini moja, ya petroli, silinda sita. Alisimama na panga mkononi. Ndege ikapita juu yake, ikapinda kushoto, ikarudi na kupita tena, safari hii chini zaidi. Ajwang akajikuta ametupa panga na kupiga hatua nne tano kuelekea barabarani, macho yakitafuta ng'ombe wa kufukuza. Ndipo akakumbuka kwamba kiwanja cha ndege alichokitunza hakipo tena, ng'ombe wa kufukuza hawapo, na yeye ana miaka sabini na mmoja.

Kisha injini ikakohoa. Ikashika, ikakohoa tena, ikapanda na kuelekea mashariki, ikilifuata bonde la mto Kiptiget kuingia msituni. Alisikiliza mpaka masikio yakaanza kuvuma yenyewe. Hakusikia kishindo wala kitu kingine.

Aliingia jikoni, ambako mkewe Dolphine alikuwa akichambua mboga.

"Mama Ooko, umesikia ndege?"

"Nimesikia mvua kwa mabati."

"Imezunguka mara mbili. Injini haiko sawa."

Dolphine akamsogezea kikombe. "Kunywa chai kwanza, Baba Ooko."

Ajwang hakumlaumu. Haikuwa mara ya kwanza yeye kusikia ndege. Tangu astaafu, mara nyingine alitoka nje na kutazama juu, kumbe ni trekta mbali huko au mtambo wa kiwanda cha chai. Watoto wake walikuwa wamezoea kumtania kwa hilo wakija Krismasi. Basi akanywa chai, na ile habari akaibeba peke yake mpaka kesho yake.

Alikuwa amefika nchi hiyo ya chai mwaka wa sabini na tano, kijana wa Nyakach aliyetoka kwenye joto la ziwani na kuteremshwa na lori kwenye baridi ya kung'ata meno. Kampuni ilimpa chumba katika laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja, na kikapu cha kuchumia majani. Hakuwa mchumaji mzuri. Vidole vyake vilikuwa vinene, na wakati wanawake wa Kipsigis walioanza naye mstari mmoja walipokuwa wameshafika mwisho na kurudi, yeye alikuwa bado katikati, amelowa hadi kiunoni.

Kilichomtoa kwenye kikapu ni kondoo. Kampuni ilikuwa na kiwanja chake cha ndege, ukanda wa nyasi juu ya kilima, na siku moja ndege ya wakubwa kutoka Nairobi ilizunguka na kuzunguka bila kutua kwa sababu kondoo kama thelathini walikuwa wamelala katikati. Mtunza kiwanja alikuwa ameenda zake. Ajwang, aliyekuwa akichuma karibu hapo, alitupa kikapu, akaruka mtaro na kuwafukuza wote mpaka wa mwisho, akiwa amevua shati na kulipeperusha kama bendera. Meneja alipoteremka aliuliza tu, "Yule aliyevua shati ni nani?" Wiki iliyofuata kiwanja kilikuwa chake.

Alikitunza miaka ishirini na mitano. Alifyeka nyasi, akapaka chokaa mawe ya pembeni, akashona soksi ya upepo kila ilipochanika, ile soksi ndefu ya rangi ya machungwa inayomwonyesha rubani upepo unakotoka. Siku ambazo soksi ililowa na kulala, aliwasha moto wa majani mabichi ili moshi ufanye kazi hiyo. Petroli ya ndege iliwekwa kwenye mapipa, na kabla ya kuitia kwenye tangi aliichuja kwa kitambaa cha ngozi laini, maana tone la maji likiingia huko juu hakuna wa kulitoa. Na kwa kuwa kiwanja hakikuwa na uzio, kila rubani alijua desturi yake: unapita mara ya kwanza ili Ajwang ajue umefika, unapinda kushoto, unapita mara ya pili kuona kama ng'ombe wameondoka, ndipo unatua.

Marubani walikuja na kuhama. Aliyebaki moyoni mwake alikuwa Mathew Kebaso, Mgusii wa Nyamira, aliyeanza kuja mwaka wa themanini na nne akiwa na miaka ishirini na minne, mwembamba, amevaa viatu vilivyomzidi. Ukungu ukifunga kiwanja, wengine walibaki kwenye klabu ya wakubwa. Kebaso alikaa na Ajwang, mmoja juu ya pipa, mwingine juu ya jiwe la chokaa, wakinywa chai ya maziwa kutoka kwenye chupa moja na kungoja kilima cha pili kionekane. Mara saa moja, mara siku nzima. Kebaso alimletea gazeti la jana na mkate wa Nairobi. Ajwang alimletea omena, dagaa wa ziwani, zilizokaangwa na Dolphine, na Kebaso alizila kwa vidole huku akisema ndege yote itanuka, wakubwa watauliza.

Katika kungoja huko ndimo Ajwang alimojifunza injini kwa sikio. Ndimo pia alimofundishwa njia za juu. Kebaso alichukua kijiti na kuchora mavumbini. "Nikija nikute kiwanja kimefungwa," alisema, "sipandi wima kama mjinga. Mbele kuna milima. Nafuata mto. Unapita maporomoko mawili, halafu kushoto kuna mlima una nundu kama ya ng'ombe, na ng'ambo yake kuna uwazi wa nyasi katikati ya msitu, umekaa kama figo. Hapo peke yake ndipo bonde linapanuka. Nageuzia hapo, narudi."

Mara moja tu, mwaka wa themanini na nane, alimpandisha Ajwang. Dakika kumi na tano. Ajwang aliuona ukanda wake wa nyasi kutoka juu, mdogo kama njiti ya kiberiti, akashangaa kwamba watu wazima waliweza kutua kwenye kitu kama kile. Kisha ndege ikapinda, na mbali, ng'ambo ya mashamba yote ya chai, akaona ziwa likimeta, na pembeni yake nyumbani kwao. Kwa miaka iliyofuata, kila mmoja alipolitaja jambo hilo, alilitaja kwa kusema tu, "Siku ile."

Kiwanja kilifungwa mwaka wa elfu mbili na nne. Barabara zilikuwa zimekuwa nzuri, wakubwa walikuja kwa magari, na kiwanda kilihitaji kuni. Wakapanda mikaratusi. Waliopewa kazi ya kuipanda ni watu wa shambani pamoja na Ajwang mwenyewe, ambaye alibakiwa na miaka minne kabla ya kustaafu. Aliipanda kwa kamba ya kunyooshea mistari, futi nane kwa nane, kuanzia pale mawe ya chokaa yalipoanzia. Jioni hiyo alimpigia Kebaso simu na kumwambia kwamba wamepanda miti. Kebaso akasema tu, "Basi." Baada ya hapo walipigiana simu mara moja kwa mwaka, kisha simu zikabadilika namba, wakapoteana.

Jumatano, saa saba mchana, redio ilitangaza. Ndege ndogo iliyotoka Mara kwenda Kisumu ilikuwa imepotea tangu jana alasiri ikiwa na watu wawili. Rubani aliwaambia watu wa Kisumu kwamba anapita juu ya Sotik na anaendelea, baada ya hapo hakusikika. Msako ulikuwa unaendelea katika milima ya Tinderet. Abiria alikuwa daktari wa mifugo, Fancy Chepkirui. Rubani alikuwa Kapteni Mathew Kebaso, mwenye miaka sitini na minne.

Dolphine ndiye aliyeizima redio. Alikaa na mikono magotini, kisha akainuka, akamletea mumewe koti na buti.

"Nenda uwaambie," alisema. "Jana nilikuambia kunywa chai. Leo nenda."

Katika kituo cha polisi alimkuta Inspekta Caren Chepchumba, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, mezani mwake simu mbili ambazo hazikunyamaza.

"Mzee, uliiona?"

"Sikuiona, madam. Niliisikia."

"Kuna mtu wa Chepseon anasema aliiona ikianguka na moshi. Tumeenda, ilikuwa ni makaa. Mwingine Sotik ameona mwangaza. Kila mtu ameona kitu, isipokuwa ndege."

"Mimi sijaona kitu," Ajwang alisema. "Nakuambia nilichosikia. Ilizunguka mara mbili juu ya kiwanja cha zamani, kwa kushoto, jinsi walivyokuwa wakizunguka ili niondoe ng'ombe. Ni mtu mmoja tu anayeruka bado ambaye anajua hiyo desturi, na jina lake limetajwa kwa redio. Hakwenda Tinderet. Alirudi huku. Akakosa mahali pa kutua, akafuata Kiptiget."

Inspekta aliweka kalamu chini. Alimuuliza alifanya kazi hiyo miaka mingapi, akamuuliza mto huo unaingilia msitu wapi. Mwishoni alisema helikopta zote ziko Tinderet, na hata zingekuwa hapa, kwa ukungu huu zisingeona hata kituo cha polisi. "Lakini naweza kukupa askari wawili wa misitu na Benard, naibu wa chifu. Mnajua pa kwenda?"

"Najua panavyoonekana kutoka juu," Ajwang alijibu. "Kuna mtu nitamuuliza panavyoonekana kutoka chini."

Mtu huyo alikuwa jirani yake Johana Kipruto, mfugaji wa nyuki, Mkipsigis wa rika lake, ambaye ujana wake wote ulipita katika msitu wa Mau. Ajwang alikuwa akiishi kwenye kipande cha ardhi alichouziwa na Johana, na kati yao kulikuwa na jambo ambalo hawakulizungumza sana. Mwaka wa vurugu za uchaguzi, Ajwang na Dolphine walipokimbilia Nyakach kwa miezi minne, Johana alilala katika nyumba yao na mkuki wake mpaka walipopata usalama wa kurudi. Simu aliyopiga kuwaita haikutaja vurugu. Alisema tu, "Boiyo, mzee wangu, ng'ombe yako imezaa. Rudi ukamue."

Sasa Ajwang alikaa kwake na kuchora kwa kijiti kwenye sakafu ya udongo, kama alivyochorewa miaka arobaini iliyopita: mto, maporomoko mawili, mlima wenye nundu, uwazi kama figo. Johana aliutazama mchoro, akachukua kijiti na kuongeza mstari mdogo pembeni.

"Hapa kuna kijito," alisema. "Maji yake iko na chumvi. Tulikuwa tunapeleka ng'ombe kulamba, mimi na baba yangu. Hiyo nyasi ni ng'ombe ilifanya, si Mungu." Akafikiri. "Sijafika huko miaka thelathini. Lakini Gepaso alikuwa anageuzia hapo? Juu ya kichwa yetu?" Siku zote alimwita hivyo, Gepaso.

"Hapo hapo."

"Basi tulikuwa tunamwona. Tulikuwa tunasema ni mzungu."

Waliondoka Alhamisi kulipopambazuka. Watu watano: Benard na redio yake ya mkononi, askari wawili wa misitu wenye bunduki kwa ajili ya ndovu, na wazee wawili mbele. Kwa saa ya kwanza walipita miti michanga iliyopandwa na serikali baada ya watu waliokuwa wakilima msituni kuhamishwa, na huko Johana alipotea mara mbili. Alisimama mahali na kusema hapa palikuwa na mti mkubwa, mizinga yangu sita ilikuwa juu yake, na hakukuwa na mti wala kisiki. Alikuwa akiutafuta msitu wake ndani ya msitu mwingine. Askari walitazamana. Ajwang alimshika bega na kusema, "Twende na mto. Mto hawajauhamisha."

Wakafuata mto. Maporomoko ya kwanza, kisha mianzi, ambayo ilibidi waipasue kwa panga hatua kwa hatua, maji yakiwamiminikia shingoni. Magoti ya Ajwang yaliuma kiasi kwamba aliacha kuyahesabu kuwa yake. Johana alitembea bila kusema, ila mara kwa mara aligusa gome la mti na kutikisa kichwa kama mtu aliyekutana na mwenzake aliyezeeka. Baada ya maporomoko ya pili hakupotea tena. Alianza kuzungumza Kipsigis peke yake, akitaja majina ya ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja, na hatua zake zikawa ndefu mpaka vijana wakaanza kumkimbilia.

Ilikuwa karibu saa nane aliposimama na kunusa hewa.

"Petroli," alisema.

Benard aliita kwa sauti kubwa. Kimya. Akaita tena. Kisha, kutoka kwenye ukungu, wakasikia chuma kikigongwa, mara tatu, kikapumzika, mara tatu tena.

Ndege ilikuwa ukingoni mwa uwazi, mkia juu ya matawi, pua ndani ya matope ya kile kijito. Bawa moja lilikuwa limebaki nyuma kwenye nyasi. Fancy Chepkirui alikuwa ameketi mlangoni, mkono mmoja umefungwa kwa skafu, mwingine umeshika spana. Alipowaona hakulia. Alisema, kama anayetoa ripoti ya mgonjwa, "Mguu wake umevunjika juu ya goti na umenasa. Damu nimeifunga. Nimempa maji ya mvua. Tangu asubuhi ana homa, anaongea na watu ambao hawako." Kisha spana ikamwanguka, na Benard akamdaka kabla hajaanguka yeye.

Ajwang aliingia kwa upande wa pili. Kebaso alikuwa amenenepa, nywele zote nyeupe, uso umevimba. Ajwang angeweza kupishana naye sokoni asimjue. Alimshika mkono, mkono ukawa wa moto.

Kebaso alifumbua macho na kumtazama kwa muda mrefu.

"Ajwang," alisema. "Ng'ombe wameondoka?"

"Wameondoka, Kapteni," Ajwang alijibu. "Kiwanja ni cheupe."

Kebaso alifumba macho tena, na vidole vyake vikalegea mkononi mwa Ajwang, lakini alikuwa anapumua.

Iliwachukua saa moja na nusu kumtoa, kwa panga na kwa mianzi waliyoitumia kama mtaimbo. Redio ya Benard ilimpata Inspekta baada ya askari mmoja kupanda nundu ya mlima nayo. Saa kumi na moja kasoro, upepo ulitoka bondeni na kuupasua ukungu, na kwa muda usiozidi nusu saa mbingu ilikuwa wazi juu ya nyasi zile. Helikopta iliingia kupitia hapo, ikawachukua wale wawili, ikaondoka. Wengine walitoka kwa miguu kesho yake. Dolphine aliwapokea barabarani akiwa na uji, na akamvua mumewe buti yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ndoa yao yote.

Wiki mbili baadaye Ajwang alipanda gari kwenda Kericho hospitalini. Homa ilikuwa imekwisha. Mguu ulikuwa umening'inizwa kwa kamba, na Kebaso alikuwa na akili zake timamu. Ajwang aliweka kopo la omena mezani. Hawakujua waanzie wapi, wakaanza na wafu. Meneja yule amekufa. Mpishi wa klabu amekufa. Yule karani aliyekuwa akilewa na kulala chini ya bawa, huyo yupo, ni mchungaji sasa huko Litein. Wakacheka. Kisha Kebaso akageukia dirisha.

"Unajua uliniambia," alisema. "Ulinipigia simu, ukaniambia wamepanda miti."

"Nilikupigia."

"Kwa hiyo si kwamba nilikuwa sijui. Nilikuwa nimeshapita Sotik injini ilipoanza kukatika. Ningeweza kushuka barabarani. Ningeweza kwenda shamba la mahindi. Lakini mkono uligeuka kabla ya kichwa. Nikaja kama nina miaka thelathini. Nilipopita mara ya pili ndipo nikauliza, Mathew, unatafuta nini hapa? Na nyuma yangu nimebeba mtoto wa watu."

Ajwang alikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia, na sasa aliona hana haki ya kulificha.

"Ile miti niliipanda mimi."

"Wewe?"

"Mimi na wengine. Kwa kamba."

"Futi ngapi?"

"Nane kwa nane."

Kebaso alianza kucheka, akajizuia kwa sababu ya mguu, akashindwa. "Ukungu ulipasuka kidogo tu," alisema, akipangusa machozi, "nikaona miti imesimama kwa mistari kama askari kwenye gwaride. Nikasema, hii imepandwa na mtu mwenye roho safi." Alipotulia, aliongeza kwa sauti nyingine, "Watu wa uchunguzi watakuja kwako. Waambie ulivyosikia. Usiniongezee, usinipunguzie."

Walikuja mwezi Mei, wawili, na kompyuta ndogo. Ajwang aliwatolea viti nje. Aliwaeleza mizunguko, kukohoa kwa injini, upande ilikoelekea. Mmoja, kijana mwenye adabu, alimuuliza: "Mzee, kwa maoni yako, rubani alikuwa anatafuta kiwanja ambacho hakipo?"

Dolphine aliyekuwa mlangoni aliacha kufagia. Ajwang alitazama mikono yake. Jibu hilo ndilo lililomwokoa Kebaso, na alijua ndilo litakalomnyang'anya kazi. Kwa muda mfupi alitamani awe mzee ambaye masikio yake hayaaminiki.

"Ndiyo," alisema. "Alikuwa anatafuta kiwanja changu."

Ripoti ilipotoka ilisema kulikuwa na maji kwenye petroli, na ikasema pia kwamba rubani aliacha njia yake. Ajwang alisomewa sehemu ile ya maji mara mbili. Alifikiria kile kitambaa cha ngozi. Kebaso hakuruka tena. Alirudi Nyamira kwa binti yake na magongo mawili, na kila Jumapili baada ya kanisa alimpigia Ajwang simu. Fancy naye alipiga, mara mojamoja. Alikuwa amehamishiwa ofisi ya mifugo ya Bomet, na alikuwa amekataa katakata kumlaumu Kapteni mbele ya wachunguzi. Alisema kila mtu ana mahali ambapo mkono wake ungegeukia.

Septemba, Kebaso alikuja. Binti yake aliliacha gari barabarani, na wazee wale wawili wakapanda kilima polepole hadi kwenye mikaratusi, na Johana nyuma yao amebeba kiti cha plastiki cha kumpumzishia mgonjwa. Miti ilikuwa mirefu na gome lake linabanduka. Chini yake hakukuota kitu. Kebaso alisimama, akatazama huku na huku, akanyoosha gongo.

"Mwanzo wa kiwanja ulikuwa pale."

"Hapana, Kapteni. Pale ni katikati. Mwanzo ni huku, karibu na mtaro."

"Ajwang, nimetua hapa mara elfu."

"Na mimi nimefyeka hapa mara elfu, kwa mkono."

Walibishana hivyo, wakahesabu hatua, wakaanza upya, Kebaso akihesabu kwa magongo na Ajwang kwa miguu, kila mmoja akifika mahali pake. Johana aliketi kwenye kiti cha mgonjwa na kuwatazama. Mlinzi wa shamba alitokea kati ya miti, mwanamke aliyevaa koti la mvua la kampuni, akauliza kwa heshima wazee wanatafuta nini.

"Tunapimapima tu, mama," Kebaso alimjibu.

Mlinzi alisema sawa, ila wasikae sana, kwa sababu miti ile imeshawekewa alama na watu wa misumeno wanaanza Jumatatu. Ajwang aliuliza watapanda nini baada ya hapo. Mlinzi alisema amesikia ni mikaratusi tena, lakini hana hakika. Akawatakia siku njema, akaendelea na doria yake.

Walikaa mpaka mvua ya alasiri ilipoanza kugonga majani ya juu. Kisha Ajwang alimshika Kebaso kiwiko, Johana akabeba kiti, wakaanza kuteremka, Kebaso akiwa bado anasema kwamba mtaro ule ulichimbwa baadaye sana, na kwamba Dolphine ataulizwa, maana yeye hakuwahi kusahau kitu.